Jicho Katika Mali ya Watu

Wapo wapiga picha wasiotaka watu katika picha zao. Hamu yao ni ng'ombe, magari na sukani za magari, basi. Atasimama mmoja wao kando ya njia ya shamba akingoja maksai mwenye nundu iliyolalia upande, au gari la ubao lililopakwa rangi juu ya rangi hata ile ya kwanza ikawa inachungulia penye mikwaruzo. Na gari likiwa limeegeshwa pasi na dereva, ataisogeza simu dirishani aichukue duara ya usukani peke yake, pamoja na vyote vilivyoning'inizwa karibu yake. Picha hizo haziuzi wala hazipeleki kwenye maonyesho. Huziweka tu, kama wengine wanavyoweka stempu au simbi. Na akiulizwa mbona hakuomba ruhusa, jawabu lake ni jepesi: picha haina mtu ndani, basi hapana mtu anayedai.

Jawabu hilo si la kipuuzi. Uso wa mtu ukichukuliwa bila ridhaa yake, kila mwenye akili anajua kuwa pana kitu kimevunjwa, ijapokuwa si kila mwenye akili anayejali. Lakini ng'ombe haoni haya, gari halina heshima ya kuvunjiwa, na usukani ni chuma na mpira. Aliyeviangalia hakuvipunguza: maziwa ni yale yale, na gari litawaka kesho kama lilivyowaka jana. Ikiwa kutazama kwa jicho si wizi, kutazama kwa kioo kunakuwaje wizi? Hilo ndilo swali linalostahili kupimwa, na halipimiki mpaka vitu vyenyewe vitazamwe vizuri, maana havikukusanyika kwa bahati kama inavyodhaniwa.

Lugha ya Kiswahili ilivifungamanisha zamani. Mnyama huongozwa kwa hatamu, na hatamu hiyo ndiyo iliyohamia katika siasa, hata zama za chama kimoja Tanzania ikawa si ajabu kusikia asubuhi na jioni kwamba chama kimeshika hatamu. Chombo huongozwa kwa usukani, nao pia umehamia katika utawala kwa njia hiyo hiyo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, sukkan, na wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walieleza kuwa limeitwa hivyo kwa sababu ndilo linalokituliza chombo kisiyumbe. Kwa hiyo usukani na maskani ni ndugu wa shina moja, shina la utulivu. Gari lilipokuja pwani likalirithi neno la jahazi, na halikulirithi kwa makosa. Magari ya mwanzo, likiwamo lile la Karl Benz la mwaka 1886, hayakuwa na duara ya kushikwa kwa mikono miwili. Yaliongozwa kwa mpini kama mashua. Mfaransa Alfred Vacheron hutajwa kuwa wa mwanzo kutia duara badala ya mpini, katika mashindano ya magari ya Paris hadi Rouen ya mwaka 1894. Na katikati ya hatamu na usukani limesimama gari la ng'ombe, ambalo mashamba ya Unguja na Pemba hayajalisahau: lina magurudumu ya gari, lakini usukani wake ni kamba na sauti ya mtu. Mwenye kuvipenda vitu vitatu hivi kwa pamoja, ajue asijue, anapenda kitu kimoja, nacho ni nguvu iliyokubali kuongozwa.

Ama msomaji wa pwani atakumbuka mzozo mwingine mkongwe zaidi, ule wa taswira. Kwa waliokataza kukichora chenye roho, kamera ilileta swali jipya, na majibu hayakuwa mamoja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, hoja yake ikiwa kwamba mpiga picha haumbi kitu wala haigi uumbaji, bali anakizuia kivuli ambacho kilikwisha kuwapo. Wapo waliomkubalia na wapo waliomkatalia. (Kiswahili cha ofisini, bila ya kukusudia, kimeelemea upande wake: karatasi iliyopitishwa mashineni huitwa nakala kivuli.) Kwa mizani hiyo, mashaka yote ni ya ng'ombe, kwa kuwa ana roho, gari na usukani havina neno. Lakini mizani hiyo hupima haki ya Muumba na uumbaji Wake. Ikiulizwa haki ya mja mwenye mali, mpangilio hupinduka, na kile kilicho chepesi kuliko vyote, kiduara cha mpira, ndicho huwa kizito.

Mwenye mali huogopa nini? Pwani nzima inajua: huogopa jicho. Ng'ombe mwenye maziwa mengi hasifiwi hivi hivi. Anayemsifu hutanguliza mashaallah, na asiyetanguliza hutazamwa yeye. Gari jipya huandikwa neno hilo kwenye kioo au ubavuni kabla halijaingia barabarani, likawasemea hata wale watakaolitazama kwa kimya. Si lazima mtu aamini kuwa husuda inaweza kupasua mpira wa gari au kukausha kiwele ndipo aone busara iliyomo. Desturi hiyo inamwambia mwenye macho kwamba kutazama ni tendo, na tendo lina adabu yake. Aliyevutiwa na kitu cha mwenzake anatakiwa atoe neno, ili mwenye kitu ajue kuwa kilichompitia ni furaha na si tamaa. Neno halirudishi chochote, maana hakikuchukuliwa chochote. Linafanya jambo moja tu: linamtambua mwenyewe.

Kamera hutazama bila ya kutoa neno. Hilo ndilo jipya lake, zaidi ya kioo na mitambo. Jicho la mpita njia hupita naye. Jicho la kamera hukaa, hukuzwa, hurudiwa usiku mtu akiwa kitandani, na huenda likafika kwa watu elfu ambao hakuna hata mmoja atakayesema mashaallah. Simu ya mkononi imemfanya kila mtu mpiga picha, ila haikumfundisha hodi.

Hapa ndipo mpenzi wa picha huwa na hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na ni hoja inayowagusa washairi. Uzuri, atasema, si mali ya mtu. Mwenye ng'ombe anamiliki nyama, ngozi na maziwa. Hamiliki namna jua la alasiri linavyoteremka juu ya nundu. Washairi tangu hapo wamesifu majumba wasiyolala, majahazi wasiyokuwa na hisa nayo na wanawake wa watu, na hakuna aliyewataka walete barua ya idhini. Kwa nini picha ikatazwe lile ambalo utenzi umeruhusiwa?

Jibu linapatikana kwa kuangalia jinsi watu wa ng'ombe wenyewe wanavyowasifu. Rwanda ina tungo maalumu ziitwazo amazina y'inka, yaani majina ya ng'ombe, zilizotungwa kwa ajili ya inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu wa ufalme. Kila ng'ombe alikuwa na utungo wake, ukighaniwa alipopitishwa mbele ya wakubwa, na hata leo huko Nyanza, kwenye makumbusho ya jumba la mfalme, wageni huwapiga picha wanyama hao mbele ya wachungaji wanaowaimbia. Wadinka wa Sudan Kusini wamekwenda mbali zaidi: kijana huwa na dume lake anayemtungia nyimbo, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina linalotokana na rangi ya dume huyo. Kwa watu kama hao, kusema kuwa picha ya ng'ombe haina mtu ndani ni kusema jambo lisilo na maana. Aliyempiga picha dume amepiga picha jina la mtu.

Tofauti ya sifa na picha basi haimo katika uzuri. Imo katika jina. Mghani wa Rwanda husema mbele ya mwenyewe, na ng'ombe anasikia akitajwa. Utungo ukikosea, wapo wa kuusahihisha. Kadhalika katika mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao husemwa umetokana na Wareno waliokuwapo pwani hii katika karne za 16 na 17, dume huletwa uwanjani ili atazamwe, akachokozwa na kuchezwa bila kuuawa, na mwenye dume yupo papo hapo akijivuna au akihangaika. Atakayepiga picha pale hakuiba tazamo la mtu, amealikwa. Maksai yule yule akifungwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, haalikwi mtu.

Itakuwa dhuluma lakini kumdhania kila mpenda magari kuwa ana jicho baya. Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894, alipewa kamera akiwa mtoto na akatumia ujana wake kupiga picha za magari, ndege na kila kilichokwenda mbio, kwa raha yake tu. Dunia ilimjua mwaka 1963, baada ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York kuzionyesha picha zake, yeye akiwa mzee wa karibu miaka 70. Mashuhuri kuliko zote ni ya gari la mashindano alilolichukua kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Gurudumu limevutika likawa yai linaloinamia mbele, na watazamaji wa kando ya njia wameinamia nyuma, kwa sababu pazia la kamera lilipita polepole kuliko mwendo wa gari na mkono wa kijana. Aliyeiona hawezi kuona tamaa ndani yake. Ni furaha tupu. Hata hivyo ndani ya gari lile wamo watu wawili, mmoja ameshika usukani, na wapenzi wengi wa picha hiyo wanalijua jina la aliyeipiga wala hawakupata kuuliza la aliyeendesha. Furaha safi nayo inaweza kumsahau mtu. Haikukusudia, ilikuwa inaangalia gurudumu.

Sasa usukani wenyewe. Ng'ombe na gari huonekana kutoka njiani, na pengine mwenye kuviweka njiani amekwisha kuridhia macho ya wapita njia. Usukani hauko njiani. Kuuona vizuri hapana budi mtu asogee, ainame, aweke viganja kwenye kioo kuzuia mwanga, achungulie. Pwani ina neno la kufanya hivyo kwenye nyumba ya mtu, na si neno zuri. Na kinachoonekana humo ni cha ndani kweli: ngozi iliyoshonwa kwa mkono kuzunguka duara, imechakaa pale pale viganja vinapokaa na kubaki mpya kwingine, tasbihi, kitambaa cha kufutia jasho, pengine picha ndogo ya mtoto iliyochomekwa karibu na kipima mwendo. Miaka ya kazi ya mtu imeandikwa pale kwa mafuta ya mikono yake. Wapiga picha wa sukani wanalijua hili kuliko yeyote, maana ndilo wanalolitafuta. Usukani mpya uliotoka dukani hauwavutii. Wanaposema kuwa picha zao hazina watu, wanakana kile hasa kilichowaleta dirishani.

Linazuka jingine, nalo ni gumu kidogo. Ruhusa iombwe kwa nani? Gari la abiria mara nyingi si la anayeliendesha. Tajiri yuko mjini akingoja hesabu yake ya jioni. Dereva ana mikono yake tu, na siku ya kuachishwa huondoka na kitambaa chake na tasbihi yake, akaiacha ile ngozi aliyoishona. Kadhalika kwa ng'ombe: mwenye kundi ni mmoja na anayeshinda nalo juani ni mwingine, aghalabu kijana wa watu. Kwa sheria ya mali, mwenye neno ni tajiri. Lakini kilichopigwa picha si mali ya tajiri. Tajiri alinunua duara nyeusi. Uchakavu wake umefanywa na dereva. Ng'ombe alizaliwa zizini mwa bwana, lakini anayemjua kwa jina na anayejua kwamba hapendi kuguswa pembe ya kushoto ni mchungaji. Aulizwe yule mwenye mkono juu ya kitu. Mwenye hati atakuwa na haki zake nyingine, na anajua kuzidai bila kusaidiwa.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao huhukumiwa kwa ukali kuliko unavyostahili. Ni wale wanaotaka kupigwa picha na gari lisilo lao. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka saa, redio, suti na pikipiki za kuazimwa na wateja, na gari lake mwenyewe, Peugeot 203, linaonekana katika picha za watu ambao hawakuwa na gari. Wenye kupenda ukweli mkavu wataita huo uongo. Lakini uongo kwa nani? Mji ulijua gari lile ni la nani. Mteja hakudai kuwa ni lake. Alidai tu kuwa na yeye anafaa kusimama mbele yake, na dai hilo lilikuwa kweli. Kijana wa pwani anayekaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani wa gari la mjomba na kumwambia mwenzake apige, amefanya lile lile. Aliomba ufunguo. Mjomba alicheka akampa. Anayechukua usukani wa mgeni kupitia kioo, kwa kunyata, anaweza kuwa msanii bora kuliko kijana huyu, na hakuna ubishi kuwa picha yake itakuwa nzuri zaidi. Ila kijana ana kitu ambacho yeye hana.

Kuna mahali ambapo burudani hii hugeuka kuwa jambo zito lisilovumilia mzaha. Katika ukame uliozipiga Kenya, Ethiopia na Somalia kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mtawalia bila mvua ya kutosha. Kenya ilitangaza hali hiyo kuwa janga la taifa mwezi Septemba 2021, na mizoga ya ng'ombe ilitapakaa kandokando ya barabara za kaskazini. Mizoga hiyo ilipigwa picha sana. Zilizopigwa ili dunia ijue zilikuwa na kazi yake, na aliyezipiga alikuwa na deni la kueleza ni wa nani, ni wapi, na walikuwa wangapi kabla. Lakini mbavu zilizokauka juani zina umbo, na mpenda maumbo ya ng'ombe atalivutiwa nalo kama alivyovutiwa na nundu na pembe. Hapo ndipo ile hoja ya kwamba uzuri si mali ya mtu inapofika mwisho wa njia. Mistari ile ya mbavu ni mali ya mtu, nayo ndiyo yote aliyobakiwa nayo. Kuichukua kwa ajili ya mistari ni kumnyang'anya hata msiba wake.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kila picha isubiri ruhusa. Gari lenye mwendo halisimamishwi, kundi likivuka barabara halingojei mazungumzo, na kamera iliyofungwa mdomo kabisa ingetunyima mengi ambayo hakuna mwenyewe angeyanung'unikia. Mapenzi ya vitu hivi ni mapenzi mema. Mtu aliyeona tofauti ya maksai mmoja na mwingine, katika zama ambazo wengi humwona ng'ombe sahanini tu, ameona jambo.

Ila wapiga picha hawa wana sababu nyingine ya kutoomba, wasiyoitaja mara nyingi, nayo ni ya kisanii. Ukiomba, picha huharibika. Mchungaji ataita ng'ombe kwa jina lake na ng'ombe atageuza kichwa, na ile hali ya kutojua kuwa anatazamwa imekwisha. Atang'oa kupe shingoni, atamsogeza penye kivuli kizuri ambacho kwa kamera ni kibaya. Dereva naye atakubali, tena kwa furaha, lakini atataka kwanza afute vumbi. Ataondoa kitambaa cha jasho akitie mfukoni, atainyoosha tasbihi, atapangusa dashibodi, na zile alama za viganja, ambazo ndizo alizozijia mgeni, ataanza kuzisugua kwa mate na ncha ya shati. Mpiga picha atamwambia aache, ndivyo alivyoupenda. Dereva hatamwelewa, au atamwelewa vizuri sana, na ataendelea kusugua, akimwambia angoje kidogo.